Krosi ya shafti hununuliwa kwa kipimo

Barua za mara hii karibu zote zimeingia chini ya gari, kwenye propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Tumeziweka pamoja ili jibu la mmoja limfae mwengine. Kabla ya kuanza tuelewane kwa majina: kile kiungo cha msalaba kinachounga shafti na difu (boksi la gia katikati ya ekseli) au transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), chenye vikombe vinne vya beringi, hapa tunakiita krosi kama kinavyoitwa gereji. Chuma chenye masikio mawili yanayoshika vikombe hivyo tunakiita uma.

KROSI MBILI NDANI YA MIEZI MINANE

Swali: Assalaam alaikum. Nina Land Cruiser 70 ya kubebea mizigo. Njia yangu ni Konde hadi Wete, na msimu wa karafuu naingia mashambani. Krosi ya shafti ya nyuma nimeshaibadilisha mara mbili ndani ya miezi minane. Ya kwanza niliinunua kwa kutaja jina la gari, haikuingia, ikabidi nitafute nyengine. Iliyoingia nayo sasa imeanza kucheza. Nichague vipi, na kwa nini zinakufa mapema?
Msomaji, Konde

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yetu. Tuanzie dukani, maana huko ndiko hasara yako ilikoanzia. Jina la gari halitoshi kununulia krosi. Gari moja inaweza kuwa na krosi za saizi tofauti mbele na nyuma. Mwaka wa gari ukibadilika, saizi nayo inaweza kubadilika. Tena gari zetu nyingi zimefika Visiwani zikiwa zimeshatumika, na nyengine zimefungwa shafti ya gari nyengine bila mwenyewe kujua. Ukisema "nipe krosi ya Land Cruiser", muuzaji atakupa ile aliyozoea kuiuza.

Fungua krosi ya zamani kwanza, ndiyo uende dukani, na uende nayo mkononi. Vipimo unavyohitaji ni viwili. Cha kwanza ni kipenyo cha kikombe kwa nje. Cha pili ni urefu wa krosi kutoka upande hadi upande, na huu unategemea klipu zake, yaani vile vipete vinavyozuia vikombe visitoke, zinakaa wapi. Kama mfereji wa klipu umechongwa ndani ya tundu la uma, klipu ikakaa nyuma ya kitako cha kikombe, basi pima kutoka kitako hadi kitako cha kikombe kinachokitazama, vyote viwili vikiwa vimesukumwa hadi mwisho. Kama mfereji umechongwa kwenye kikombe chenyewe na klipu inakaa upande wa ndani wa sikio, pima kutoka mfereji hadi mfereji. Kipimo cha kitako kwa kitako hapo hakikusaidii. Pima mikono yote minne, kwani zipo krosi zenye vikombe vikubwa kwa upande mmoja na vidogo kwa upande wa pili. Na upime kwa kalipa, si kwa rula. Rula haikuoneshi sehemu ya kumi ya milimita, na kwenye krosi sehemu ya kumi ni nyingi.

Land Rover wanaijua vizuri shida hii. Zipo krosi zake za 27 kwa 75 na zipo za 27 kwa 82: kikombe ni kile kile cha milimita 27, urefu umepishana milimita 7. Ukiziona kila moja peke yake ndani ya boksi lake unaweza kuapa ni kitu kimoja. Ile fupi ukiiingiza kwenye uma wa ile ndefu, vikombe vinapita mfereji wa klipu na krosi inaelea. Ile ndefu haitokubali kuingia kwenye uma mfupi hata uipige nyundo mchana kutwa.

Ikiwa vikombe vya zamani vimelika au vimepasuka, usivipime hivyo. Pima tundu la uma na masafa ya mfereji kwa mfereji. Na hapo hapo likague tundu lenyewe. Kikombe kipya kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa na jiliwa au presi. Kikiingia kwa dole gumba, sikio limeshatanuka, na hakuna krosi duniani itakayodumu humo. Wapo wanaozungushia kipande cha kopo la soda, wapo wanaogonga alama za tindo ndani ya tundu ili kikombe kishike. Njia zote mbili hukifanya kikombe kikae upande, na sindano za beringi, vile vichuma vyembamba vilivyopangwa ndani ya kikombe, hubeba mzigo kwa ncha badala ya ubavu mzima. Uma uliotanuka hubadilishwa.

Kwa Toyota, namba ya krosi ya kiwandani huanza na 04371, halafu zinafuata tarakimu tano. Hizo tano ndizo zinazotenganisha saizi. Muuzaji mwenye kitabu akipewa namba ya chesisi atakutolea namba kamili, lakini hata hivyo linganisha na kipimo chako kabla ya kulipa. Kama inabidi uagize Unguja au Gerezani kule Dar es Salaam, tuma vipimo, picha ya klipu, na picha ya mahali nipeli ya grisi (kile kichuchu cha kutilia grisi) ilipo. Krosi isiyoingia inakula nauli ya kuja na ya kurudi.

Sasa ubora. Majina kama GMB, Matsuba, Koyo na GKN ni ya watengenezaji wanaoeleweka, lakini boksi ni karatasi tu, na karatasi huchapwa popote. Omba ruhusa uvue kikombe kimoja hapo hapo kaunta. Sindano ziwe zimejaa mzunguko mzima, zimesimama wima zikishikwa na grisi. Pengo likiwa na upana wa sindano nzima, moja imekosekana. Tazama chini ya kikombe kama kuna kisahani kigumu cha plastiki au chuma kinachozuia ncha ya mkono isisugue kitako. Pitisha ukucha kwenye mkono wa krosi: uwe laini kama kioo, usikwaruze. Ukihisi mistari ya mashine ya kukerezea, rudisha. Mwisho minya sili kwa kidole. Sili ya mpira mwembamba wa mdomo mmoja, iliyolegea, ndiyo mlango wa matope.

Kwa nini zinakufa? Jawabu liko kwenye ile uliyoitoa, kwa hiyo usiitupe. Ukikuta unga mwekundu kama kutu iliyosagwa, maji yaliingia na grisi ikaoshwa. Ukikuta chuma kimegeuka buluu, ilikimbia kavu ikachemka. Ukikuta kwenye mkono kuna michirizi iliyosimama sambamba, kama meno ya kitana, hizo ni nyayo za sindano: mzigo wa ghafla umezipigilia kwenye chuma. Kikombe kimoja tu kikiwa kimeharibika na vitatu vizima, kosa lilifanyika siku ya kufunga, aghalabu sindano iliyoanguka.

Kwa njia zako za Pemba tungetazama zaidi hiyo michirizi ya kitana. Gari ina magunia, kilima ni cha udongo mwekundu uliolowa, tairi inateleza kwa kasi halafu ghafla inashika mzizi au jiwe. Nguvu yote ya injini hufika kwenye sindano kwa pigo moja. Dawa yake ni kuingiza fowili, ili magurudumu yote manne yavute, na gia nzito kabla ya kupanda kilima, si baada ya kuanza kuteleza, na kuiachia klachi taratibu. Ukiwa na fowili, shafti mbili hugawana kazi. Ukiwa huna, ile ya nyuma inabeba peke yake, na umesema mwenyewe kuwa ya nyuma ndiyo inayokufa.

KIKOMBE KINAGOMA KUMALIZIKA

Swali: Mimi ni fundi mwanafunzi, Mkoani. Mara nyingi kikombe cha mwisho kinabaki milimita mbili au tatu na klipu haiingii. Nikipiga nyundo kinaingia, lakini krosi inakuwa ngumu.

Jibu: Acha nyundo hapo hapo, kijana wetu. Milimita mbili au tatu zilizobaki ni unene wa sindano iliyoanguka ikalala chini ya kikombe. Ukipiga, ama unaivunja sindano ama unatoboa kitako. Toa kikombe, zisimamishe sindano zote kwa grisi nzito, uanze tena.

Kazi yenyewe iende hivi. Kabla hujafungua bolti hata moja, weka alama ya rangi au ya tindo inayopita kwenye flenji zote mbili (vile visahani vya chuma vinavyounganishwa kwa bolti), na nyengine kwenye shafti pale inapoteleza ndani ya mwenzake. Shafti ikirudi imegeuka meno machache tu, utaunda mtikisiko ambao haukuwepo. Zipo shafti za mbele zilizotoka kiwandani uma zake hazikutazamana. Usijaribu "kuzisahihisha", zirudishe zilivyokuwa.

Ukishaitoa, safisha masikio kwa brashi ya waya, mwagia mafuta ya kulainisha kutu, subiri. Toa klipu. Shika kwenye jiliwa ukiwa na soketi mbili: upande mmoja ndogo kuliko kikombe ya kusukumia, upande wa pili kubwa inayoweza kukimeza kikombe kinachotoka. Kaza jiliwa, kikombe kinatoka kwenye ile kubwa. Geuza, sukuma krosi irudi, cha pili kinatoka. Usipige bomba la shafti kwa nyundo. Likibonyea hata kidogo, mizani yake imeharibika. Na vile vibati vidogo vilivyochomelewa kwenye bomba si takataka, ni vizani vyake. Visitolewe.

Kwenye kufunga, chana mfereji wa klipu kwa bisibisi nyembamba mpaka uwe safi. Piga msasa mwembamba ndani ya tundu kuondoa kutu, usile chuma. Ingiza kikombe cha kwanza nusu tu, weka krosi ndani ya uma, uuingize mkono wake kwenye kikombe hicho kabla ya kusukuma zaidi; mkono ukiwa ndani, sindano hazina pa kuangukia. Sukuma kwa jiliwa huku mkono mwengine ukiichezesha krosi. Ikianza kukaza, simama. Klipu zote zikishakaa, gonga masikio ya uma kwa nje, taratibu, kwa nyundo ya shaba au ya plastiki, ili vikombe virudi nyuma vikaegemee klipu. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo sababu krosi mpya inakuwa ngumu.

Ikiwa sawa, krosi huzunguka kwa mkono ikiwa na ukinzani kidogo na ulio sawa pande zote, bila kukwama na bila kuanguka yenyewe. Uchezaji wa kwenda na kurudi kwenye mkono usizidi milimita 0.05 kwa Toyota, yaani usiweze kuuhisi. Ukiuhisi, tafuta klipu nene zaidi; zinauzwa kwa unene tofauti kwa ajili hiyo.

Nipeli ielekee kwenye bomba la shafti, si kwenye flenji, la sivyo bomba la grisi halitafika. Tia grisi ya lithiamu namba 2 ya mizigo mizito mpaka uione inachungulia kwenye sili zote nne. Sili moja ikibaki kavu, geuza shafti, chezesha, tia tena. Ile nipeli ya pale shafti inapoteleza ni habari nyengine: ukiijaza kupita kiasi shafti inashindwa kufupika, na gari ikigonga shimo pigo linakwenda kwenye beringi za transfa. Pampu chache zinatosha. Ukiona shafti inaanza kujisukuma kurefuka, umeshazidisha.

Nati za kujikaza zenye plastiki ndani usizirudie. Kwenye Land Rover Defender ya zamani bolti za flenji hukazwa kwa Nm 47, spana ni ya inchi 9/16. Kwa gari nyengine fuata kitabu chake.

GARI YA KUVUTIA BOTI

Swali: Hapa Nungwi tuna Hilux ya kuvutia boti. Inaingia baharini mpaka difu ya nyuma inazama. Nifunge krosi zenye nipeli au zile zilizofungwa moja kwa moja? Nimeambiwa zisizo na nipeli ni ngumu zaidi.

Jibu: Mzee wetu, aliyekwambia hakukosea. Krosi yenye nipeli ina njia za grisi zilizotobolewa katikati ya mikono, na chuma chenye tundu hakilingani na chuma kizima. Kwa gari inayoruka mawe, hiyo ni hoja. Kwa gari inayoingia baharini hoja inageuka, kwa sababu kinachoua krosi yako ni chumvi, si nguvu. Shafti inashuka pwani ikiwa ya moto, inaingia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani ya kikombe inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Krosi isiyo na nipeli haina njia ya kuyatoa maji hayo. Yenye nipeli unayafukuza kwa grisi mpya. Funga yenye nipeli.

Lakini utaratibu ndio unaoiokoa. Isimamishe gari dakika chache juu ya mchanga kabla ya kuingia majini, ipoe. Ikitoka, ioshe chini kwa maji ya mfereji siku hiyo hiyo. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, ukioshea hayo hujaosha. Kisha tia grisi siku hiyo, usingoje mwisho wa wiki. Itakayotoka mwanzo itakuwa ya kijivu au ya rangi ya chai ya maziwa: hiyo imechanganyika na maji. Endelea mpaka itoke yenye rangi ile ile uliyoingiza. Kwa gari ya barabarani tu, kutia grisi kila unapomwaga oili ya injini kunatosha. Kwa yako, bahari ndiyo kalenda.

INALIA KAMA NDEGE

Swali: Nikiondoka taratibu kunakuwa na mlio wa "kwi, kwi, kwi" chini ya gari, na nikitoa D kuweka R kunagonga. Fundi mmoja anasema difu, mwengine anasema krosi.
Msomaji, Chwaka

Jibu: Mlio mwembamba unaokwenda kwa mpigo, ukaongezeka kasi pamoja na gari, kisha ukapotea ndani ya ngurumo, ni wa krosi kavu. Mvumo mmoja usiokatika ni wa difu au beringi ya kati. Kule kugonga kunaweza kutoka kwa yeyote, kwa hiyo ihakikishe kwa mkono.

Gari iwe mahali tambarare, injini imezimwa, tairi zimewekewa kabari mbele na nyuma, gia iwe huru. Shika uma wa upande mmoja wa krosi kwa mkono mmoja na uma wa upande wa pili kwa mwengine, zungusha kinyume kwa nguvu. Usitazame shafti, tazama kitako cha kikombe ndani ya sikio. Kitako kikitikisika, au msalaba ukisogea ndani ya vikombe, krosi imekwisha. Kama shafti nzima inageuka kidogo lakini vikombe vimetulia, huo ni uhuru wa meno ya difu, na kiasi chake ni cha kawaida.

Krosi kavu inayolia bila kucheza unaweza kuitia grisi na mlio ukaondoka. Furahi, lakini inunue mpya. Mlio una maana chuma kimeshagusana na chuma.

IMENYANYULIWA, INATETEMEKA

Swali: Nimeinyanyua gari kwa shakli ndefu za springi za nyuma. Tangu hapo inatetemeka ikifika kilomita 60. Krosi nimefunga mpya zote mbili, haikusaidia. Niko Fuoni.

Jibu: Haitasaidia hata ukifunga za dhahabu, ndugu. Krosi iliyopinda haizunguki kwa mwendo mmoja. Upande unaoisukuma ukizunguka sawasawa, upande wa pili huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya digrii 8 tofauti hiyo ni kama asilimia 1 juu na chini. Kwa digrii 20 inafika asilimia 6. Shafti ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni mitikisiko 100 kwa sekunde. Gari haitetemeki siku zote kwa sababu krosi ya pili inapinda kwa pembe ile ile na kuufuta mchezo wa ya kwanza. Pembe zikitofautiana, hakuna cha kufuta.

Shakli, yaani vile vyuma vinavyounga ncha ya nyuma ya springi na chesisi, zikiwa ndefu hushusha mkia wa springi, na springi ikigeuka huigeuza difu: pua yake inainuka. Chukua simu yenye programu ya kupima mwinamo. Gari ikae kwenye tairi zake, mahali tambarare, ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukiinyanyua kwa jeki vipimo vyote ni uongo. Pima mwinamo wa flenji ya transfa, wa bomba la shafti, na wa flenji ya difu. Tuseme transfa imeinama digrii 4 na shafti digrii 12: krosi ya mbele inapinda 8. Difu ikiwa nayo digrii 4, ya nyuma inapinda 8 pia, na gari inatulia. Lakini kama pua ya difu imeinuka hadi digrii 10, krosi ya nyuma inapinda 2 tu. Nane kwa mbili hazifutani. Tofauti ya pande mbili isizidi digrii 1.

Tungekushauri kwanza ufupishe shakli. Ukitaka lazima kimo hicho, difu irudishwe kwa kabari zinazowekwa kati ya springi na kikalio chake; ziwe za chuma, si za aluminiamu inayosagika, na U-bolti zikazwe upya baada ya siku chache za kuendesha. Angalia pia kama shafti haijatoka sana pale inapoteleza.

Usije ukaambiwa pembe nzuri ni sifuri. Krosi isiyopinda kabisa haizungushi sindano zake. Hukaa mahali pamoja zikichimba, na ile michirizi ya kitana huja kwa njia hiyo pia. Angalau nusu digrii inahitajika.

RAV4 ISIYO NA KLIPU

Swali: Wahariri, mimi ni mama wa watoto wa skuli, nina RAV4 ya fowili. Krosi imekufa. Dukani wananiambia ninunue shafti nzima, fundi anasema atabadilisha krosi peke yake na kuichomelea. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mjini

Jibu: Dada yetu, mwombe fundi akuoneshe masikio ya uma. Kama hakuna klipu, na badala yake chuma cha ukingo wa tundu kimebonyezwa sehemu nne kikakishika kikombe, basi krosi hiyo kiwandani ilikusudiwa isitolewe. Duka halikudanganyi.

Kuichomelea ndiko tunakokukataza. Sindano na mikono ya krosi imepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Moto wa kuchomelea unauondoa, unachoma sili na kuyeyusha grisi, yote kwa dakika moja. Itatoka gereji ikiwa imeshika, na itarudi mapema. Zaidi ya hayo, uma uliochomelewa ukiwa haukukaa katikati hutikisa gari kila siku.

Una njia mbili. Shafti nzima iliyotumika, yenye urefu ule ule, matundu ya flenji yale yale na beringi ya kati mahali pale pale: ipeleke kila krosi huku na huku kwa mkono kabla ya kulipa, na ukihisi kidato katikati, kama inapenda kusimama hapo, iache, imeshachimbika. Au karakana yenye mashine ya kukerezea na presi, inayoweza kusafisha tundu na kufunga krosi yenye klipu za ndani, kisha kuipima shafti mizani. Ukiulizia bei, iulizie njia ya pili pamoja na hiyo mizani, maana bila hiyo kazi haijaisha.

IMEKATIKA NJIANI

Swali: Krosi ya nyuma ikikatika nikiwa Makunduchi usiku, naweza kufungua shafti na kurudi mjini kwa tairi za mbele?

Jibu: Inategemea gari. Land Cruiser 70, Hilux na Jimny zenye fowili ya kuingiza kwa mkono: ndiyo. Toa shafti ya nyuma nzima, funga loki za magurudumu ya mbele kama zipo, ingiza fowili, nenda polepole bila mzigo, na kwenye lami usikate kona kwa gesi. Gari zenye fowili ya kudumu, kama Defender ya zamani, lazima ufunge loki ya difu ya katikati, la sivyo nguvu yote itazungusha flenji isiyo na kitu na gari haitasogea. RAV4 na zinazofanana nayo zisifanyiwe hivyo. Ziitie gari ya kuvuta.

Usiiache shafti ikining'inia upande mmoja na kuifunga kwa kamba. Ikidondoka ncha ya mbele ikachoma barabara, inainyanyua gari.

Na kuna hatari moja inayosahaulika. Kwenye Land Rover za zamani, kama Defender ya zamani, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya transfa, na inashika shafti ya nyuma. Ukiitoa shafti hiyo, magurudumu ya nyuma hayana kinachoyashika, wala gia haiyashiki. Kwa hiyo tafuta mawe mawili makubwa, yabane mbele na nyuma ya tairi, ndiyo ushike spana ya bolti ya kwanza.